Tupeane uzoefu: kompyuta ya nyumbani inapogeuka lugha

Mwenye mada, Goma: Jirani yangu amenunua huko Birere kompyuta iliyokwisha kutumika, na skrini yake yote ni Kichina. Waliopitia hali hiyo watueleze walitokaje, maana fundi wa hapa ana dawa moja tu: kufuta vyote na kuweka Windows upya.

Mama wa Kadutu, Bukavu: Mtoto wa shemeji yangu, aliyekuja likizoni, alichezea mipangilio akaiacha kompyuta katika Kiarabu, usiku wa kuamkia siku ambayo binti yangu alitakiwa kupeleka TFC yake, kazi ya kumalizia masomo, ichapishwe. Kitufe cha kuanzia kilihamia kulia, alama ya kufunga dirisha ikahamia kushoto; hayo yalivumilika. Umeme ulipokatika na kurudi, kompyuta ilikataa nywila. Binti aliandika, akarudia, akaanza kulia. Baba yake akataka fundi aje afute kila kitu, nami nikasimama mlangoni nikasema kwamba mashine haitoki wala haiguswi. Ndipo mpangaji wetu alipobonyeza alama ya jicho iliyo katika kisanduku cha nywila, tukaona kwamba tulikuwa tukiandika herufi za Kiarabu, kwa kuwa lugha ilipoongezwa ilikuja na klavye yake, yaani mpangilio wake wa vitufe. Alishikilia kitufe cha Windows, akabonyeza kile kirefu cha kuachia nafasi, FRA, yaani Kifaransa, ikatokea, na nywila ikakubaliwa.

Kijana wa Katuba: Hata kwetu, ila ilikuwa klavye ya Kiingereza kwenye vitufe vya Kifaransa: ukibonyeza A inatoka Q, ukibonyeza Z inatoka W.

Mwenye mada: Mama, na TFC?

Mama wa Kadutu: Ilichapishwa, na ameitetea.

Fundi, Lubumbashi: Mnatuonea. Enzi za Windows 7, iliyotoka 2009, ni matoleo ya Ultimate na Enterprise pekee yaliyokubali kubadilishwa lugha yote, na hata leo kuna toleo la Home Single Language linalokataa. Hapo tufanye nini, tuombe dua?

Mpangaji, Bukavu: Yaya, basi someni toleo kwanza ndipo mfute. Vitufe vya Windows na I hufungua mipangilio katika lugha yoyote. Tafuta alama yenye saa, ingia kwenye lugha, ongeza Kifaransa, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena.

Fundi, Lubumbashi: Na mega za kupakua hicho Kifaransa atalipa nani? Wewe?

Mpangaji, Bukavu: Kwani wewe unafuta bure?

Mwalimu, Goma: Tusigombane. Mimi nimeweka Kiswahili, na kinapendeza, ingawa hukaa juu ya Kiingereza, kwa hiyo mahali pasipotafsiriwa panabaki Kiingereza.

Mwenye mada: Toleo la jirani limekubali, Kifaransa kimeingia. Lakini skrini ya kuingilia bado ni Kichina!

Mpangaji, Bukavu: Hiyo hufuata mipangilio yake. Ingia kwenye mipangilio ya eneo, sehemu ya usimamizi, unakili lugha ya akaunti yako kwenye skrini hiyo na kwa watumiaji wapya, kisha uiwashe upya.

Kijana wa Katuba: Mimi ningeiacha hivyo hivyo, ili watoto wa shemeji washindwe kuingia.

Mama wa Kadutu: Wa kwangu hata Kichina atakiweza.