Malalamiko: amri za D-Bus zinazorudisha sifuri ilhali hazijafanya lolote

Wakuu, salaam. Naandika uzi huu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe siifichi, kwa sababu nimekesha usiku tatu mfululizo mbele ya terminali, dirisha la kuandikia amri, nikitafuta kosa ambalo amri niliyoitumia ilikuwa imelifunika kwa ukimya.

Nasimamia kompyuta za redio moja ndogo ya jamii. Kompyuta ya studio inaendeshwa na Linux, muziki unapigwa na VLC, na kila saa kamili muziki unatakiwa usimame ili taarifa ya habari iingie. VLC, kama vicheza muziki vingine vingi vya Linux, hupokea maagizo kutoka nje kwa kupitia D-Bus, yaani njia ambayo programu hupelekeana ujumbe, kwa kufuata utaratibu uitwao MPRIS. Kazi ilionekana ya dakika tano. Niliandika mstari huu:

dbus-send --dest=org.mpris.MediaPlayer2.vlc /org/mpris/MediaPlayer2 org.mpris.MediaPlayer2.Player.Pause

Amri ilimaliza bila neno, na msimbo wake wa kutoka ulikuwa 0, ambao kwa kila aliyewahi kuandika skripti maana yake ni kwamba mambo yamekwenda sawa. Muziki ukaendelea kupiga. Nikakagua herufi moja moja, nikaizima VLC na kuiwasha upya, nikaishuku VLC yenyewe, nikashuku toleo la Linux nililosakinisha. Mwisho, kwa kukata tamaa, niliandika kwa makusudi jina la programu ambayo haipo kabisa kwenye kompyuta ile. Jibu likawa lilelile: kimya, na sifuri.

Sababu niliikuta kwenye ukurasa wa mwongozo wa amri hiyo. Usipotaja aina ya ujumbe, dbus-send huutuma kama ishara, si kama mwito. Kwa wasiozoea mambo haya, mwito ni kumwendea mtu mlangoni, ukabisha hodi na kungoja akukaribishe au akufukuze. Ishara ni mbiu inayopigwa njiani, ambayo mpigaji wake hana haja ya kujua nani ameisikia. Mimi nilitaja jina la programu, nikataja mahali ilipo, nikataja na kitendo ninachotaka ifanye, kisha amri ikaamua kwamba bila shaka nilitaka kupiga mbiu. Ili ibishe hodi inabidi uongeze --type=method_call, lakini hata hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa amri hutuma na kuondoka bila kusubiri jibu, hivyo kosa likitokea hutalisikia. Unachohitaji kwa hakika ni --print-reply, chaguo ambalo kwa jina lake mtu yeyote angedhani linahusu uchapishaji wa jibu tu, kumbe ndilo pia linalogeuza ujumbe kuwa mwito na kuifanya amri isubiri. Aliyepanga iwe hivyo hakuwa akimfikiria mtumiaji aliyekaa kwenye terminali.

Nilirekebisha, muziki ukasimama, nikaipeleka amri kwenye cron, programu inayoendesha amri kwa saa zilizopangwa, nikalala usingizi wa mwenye haki. Saa mbili asubuhi mtangazaji alisoma tangazo la msiba huku singeli ikimpigia chini kwa chini. Niliyepigiwa simu ni mimi.

Safari hii kosa lilikuwa jingine: basi la D-Bus, yaani njia yenyewe ya ujumbe, linalobeba maagizo ya VLC ni la kipindi cha mtumiaji aliyeingia, na cron haibebi DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS wala XDG_RUNTIME_DIR, vigeu vinavyoonyesha basi hilo lilipo, kwa hiyo amri haijui pa kugonga. Angalau hapa dbus-send ililalamika, ila ililalamika kwamba haiwezi kuanzisha dbus-daemon kwa sababu DISPLAY ya X11 haipo, ujumbe unaompeleka mtu kwenda kuchokonoa mambo ya skrini wakati tatizo ni anwani ya faili moja tu, /run/user/1000/bus, ambayo ilikuwapo muda wote.

Nikaambiwa niachane na dbus-send, nitumie busctl inayokuja na systemd, programu inayosimamia huduma za Linux. Nikaitumia; ikanijibu kwamba haiijui VLC. Kumbe busctl isipoambiwa huenda kwenye basi la mfumo mzima, na lazima uandike --user ndipo iende kwenye basi la mtumiaji, ilhali dbus-send isipoambiwa huenda kwenye basi la mtumiaji, nayo gdbus haiendi popote mpaka uichagulie. Hizi ni amri tatu za kazi moja, zinazokuja na mfumo wenyewe, na kila moja ina mawazo yake kuhusu mahali pa kuanzia.

Na huo ni mwanzo tu. Mkuu wa vipindi aliomba muziki usikatwe ghafla, bali sauti ipunguzwe kwanza hadi asilimia 30. Sauti katika MPRIS ni sifa ya programu, si kitendo, na thamani yake hutumwa ikiwa imefungwa ndani ya kisanduku kinachotaja aina yake. Kwa dbus-send thamani hiyo huandikwa variant:double:0.3, kwa gdbus huandikwa <0.3> pamoja na alama za kunukuu ili terminali isidhani unaelekeza faili, na kwa busctl huandikwa d 0.3. Namba ni ileile na basi ni lilelile. Nilipotaka pia kumwonyesha mtangazaji taarifa kwenye skrini dakika tano kabla, niligundua kwamba dbus-send haiwezi kabisa kuita Notify, kitendo cha kuonyesha taarifa, ipasavyo, kwa kuwa kitendo hicho kinadai kamusi yenye visanduku ndani yake, na ukurasa wa mwongozo unakiri waziwazi kwamba amri hii haitumi vyombo vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine, wala vilivyo vitupu.

Wenye umri wangu mtakumbuka kwamba haikuwa hivi siku zote. KDE, mazingira ya eneo-kazi ya Linux, tangu toleo la 2 la mwaka 2000 ilikuwa na DCOP, njia yake yenyewe ya programu kupelekeana ujumbe, na amri yake iliitwa dcop. Ukiandika dcop peke yake, unaorodheshewa programu zinazosikiliza; ukiongeza amarok, kicheza muziki cha KDE, unaona ilivyo navyo ndani; ukiongeza player, unaona vitendo vyote. Kisha unaandika dcop amarok player pause, na muziki unasimama. Mtu ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa C++ aliweza kujifundisha mwenyewe kwa kubonyeza tu. KDE 4.0 ilipotoka Januari 2008 DCOP ilikuwa imeondolewa na D-Bus kuchukua nafasi yake. Sibishani na uamuzi huo, maana DCOP ilikuwa ya nyumba moja na palihitajika basi ambalo kila programu ingeweza kulipanda. Ninachobishania ni kwamba tulibadilishiwa basi tukasahauliwa ngazi ya kupandia. Amri pekee iliyorithi tabia ile njema ni qdbus, nayo kwenye toleo moja la Linux inaitwa qdbus6, kwenye jingine qdbus-qt6, kwingine bado ni qdbus-qt5, hivyo skripti niliyoiandika nyumbani haikufanya kazi studio.

Najua mtakaokuja kuniambia nitumie playerctl kwa muziki na notify-send kwa taarifa. Ninazifahamu, na playerctl ni chombo kizuri, lakini hufahamu MPRIS peke yake, na kila programu nyingine iliyo kwenye basi itabaki ikidai nirudi kwenye amri zilezile. Pia mtaniambia kwamba chaguo-msingi la dbus-send haliwezi kubadilishwa kwa sababu kuna skripti za zamani zinazolitegemea. Basi lisibadilishwe. Lakini mtu anapotaja --dest bila kutaja aina ya ujumbe, kuna ugumu gani amri ikiandika kwenye mkondo wa makosa mstari mmoja tu unaosema: natuma ishara, sisubiri jibu? Hakuna skripti itakayovunjika kwa onyo, na mimi ningelala usiku wa kwanza.

Kwa sasa skripti yangu inaweka anwani ya basi kwa mkono, inaita busctl kwa --user, kisha inasoma PlaybackStatus kuhakikisha kwamba VLC inasema Paused kweli, kwa sababu sifuri peke yake siiamini tena. Mwenye skripti za dbus-send zinazoendeshwa usiku na cron azifungue leo hii atazame kama --print-reply imo, kisha aniambie hapa amekuta nini.