MJADALA: Kinu cha utafiti cha nyuklia, je sayansi ya viumbe inakihitaji kweli?

Mleta mada

Wakuu habari zenu, naomba tujadili hili kwa hoja. Kenya imekuwa ikipanga kujenga kinu cha utafiti cha nyuklia, yaani mtambo wa kupasulia atomi kwa ajili ya utafiti na sio umeme, kupitia wakala wake wa nishati ya nyuklia, NuPEA, na kila mada hii ikiibuka watetezi wanakuja na mifano ileile, mbung'o wa Unguja, ngano ya Eldoret, kwamba bila kinu utafiti wetu wa mifugo na mazao utabaki nyuma. Mimi naunga mkono mionzi kwenye utafiti wa viumbe, tena sana, ila hoja hii siikubali hata kidogo.

Tuanze na mbung'o, yule nzi anayeeneza nagana, ugonjwa unaoua ng'ombe. Kati ya 1994 na 1997 madume zaidi ya milioni 8 walifugwa Tanga, wakapigwa mionzi ya gama mpaka wakawa tasa, halafu wakavushwa kwa ndege na kumwagwa juu ya Unguja. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, na wala hatagi mayai mamia kama nzi wengine, anazaa buu mmoja kila baada ya siku 9 au 10 hivi, kwa hiyo akishapandwa na dume tasa ndio basi tena, uzao wake umeishia hapo. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996 na mwishoni mwa 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Kinu hakikuhusika pale, mionzi ilitoka kwenye chanzo cha gama kilichofungiwa ndani ya kinga ya madini ya risasi, kinakaa chumbani.

Ngano nayo hivyohivyo. Kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu wa ngano, aina ya Ug99 iligundulika Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaanza kuteketeza mashamba ya Kenya. Mbegu zikapelekwa maabara ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kule Seibersdorf, Austria, zikapigwa mionzi ili sifa zake zibadilike, zikarudishwa, na kazi ngumu ikawa ni ya watu wa Chuo Kikuu cha Eldoret kupanda na kuchambua kizazi baada ya kizazi mpaka 2014 ikatoka Eldo Ngano 1, ngano inayostahimili kutu hiyo. Hapo tulichokosa ni nini? Mashine ya kupigia mbegu mionzi hapahapa nyumbani pamoja na watu na mashamba ya majaribio, sio kinu.

Kwa hiyo swali langu: kwa nini pesa ya kinu iombwe kwa jina la mbung'o na ngano?

Mdau wa Kizimkazi

Mie ni mtu wa kusini Unguja na hayo ya mbung'o nimeyaona kwa macho yangu. Huku karibu na msitu wa Jozani ndiko walikong'ang'ania mpaka mwisho, huko kwengine dawa ya kumwagia ng'ombe mgongoni na vile vitambaa vyenye sumu vilishawapunguza sana kabla hata ndege haijaanza kuja. Hilo watu hulisahau, wanadhani mionzi peke yake ilifanya kazi. Madume tasa walikuja kumalizia.

Pili, mbung'o dume naye anauma, anafyonza damu vilevile kama jike! Wazee walipoona maboksi yanadondoka kutoka angani na nzi wanatoka ndani, waliuliza kwani sie tumekosa nini mpaka tuletewe nzi zaidi? Nilikuja kuelewa baadae kwamba kwenye kazi hii madume huwa wanalishwa kwanza damu iliyotiwa dawa ya kuua vijidudu vya nagana kabla hawajaachiwa, na kwamba mionzi ya gama haimfanyi nzi mwenyewe atoe mionzi. Ila maelezo kama hayo yanatakiwa yamfikie mfugaji kabla ndege haijapaa. Faida tumeiona, watu wanafuga ng'ombe wa maziwa pahala ambapo zamani walikuwa wakifa, siwezi kulikataa hilo. Lakini mjue vilevile kwamba sie ni kisiwa, bara ukisafisha pori hili mbung'o wa pori la jirani wanarudi.

Mdau wa Nairobi

Mleta mada uko sawa nusu. Chanzo za gama kama hiyo unayoisifu nyingi ni za kobalti 60, na hiyo inatoka wapi? Inatengenezwa ndani ya kinu, kobalti ya kawaida inapigwa nyutroni, zile chembe zinazotoka atomi zikipasuka, mpaka inabadilika. Na nguvu yake inapungua nusu kila miaka 5 na kidogo, so lazima uagize ingine. Halafu angalia Ghana, wako na kinu kidogo cha Kichina tangu 1994, Nigeria wako na chao Zaria kwa Chuo cha Ahmadu Bello tangu 2004, vya kilowati 30 hivi tu. Wanapima madini kwa chakula, kwa majani ya dawa, kwa nywele za watu, kwa udongo. Unaweka sampuli ndogo ndani ya nyutroni, elementi zilizomo zinaanza kutoa mionzi yao, kila moja na alama yake, unasoma seleniamu ni ngapi, aseniki ni ngapi, bila kuyeyusha sampuli kwa asidi. Kwa nini mtafiti wa lishe wa Kenya atume sampuli ng'ambo miaka yote?

Mleta mada

Mkuu wa Nairobi hoja yako ni nzito. Lakini kobalti inayouzwa duniani kwa sehemu kubwa inatoka kwenye vinu vikubwa vya umeme, hasa vile vya aina ya Kanada, sasa kinu cha utafiti cha kilowati 30 hakitakutengenezea kobalti ya kuhudumia Tanga wala Eldoret, hilo tulitoe mezani.

Kupima elementi sawa, hapo nakupa. Ila biolojia ya nyutroni inayosifiwa kwenye makaratasi ya mipango ni kitu kingine. Eksirei inaona vizuri atomi nzito, hidrojeni inaipita kama haipo, wakati viumbe vimejaa hidrojeni. Nyutroni inaiona, tena inatofautisha hidrojeni ya kawaida na ile nzito. Kwa hiyo mtafiti wa ribosomu, kile kiwanda kidogo ndani ya seli kinachounda protini, chenyewe kimejengwa kwa protini na RNA, anachanganya maji ya kawaida na maji mazito yenye hiyo hidrojeni nzito, akifika kama asilimia 40 ya maji mazito protini zinafifia zinabaki RNA, akifika kama 70 RNA ndio inafifia zinabaki protini. Kwa mbinu ya jamii hiyo watafiti Peter Moore na Donald Engelman, wakitumia kinu cha Brookhaven, Marekani, walikuza bakteria kwenye maji mazito, wakaunda upya ribosomu protini mbili mbili zikiwa nzito, wakapima umbali kati yake, na kufikia 1987 walikuwa na ramani ya protini zote 21 za kipande kidogo cha ribosomu. Kazi nzuri mno! Lakini hiyo inataka mwali mkali wa nyutroni. Kinu cha Grenoble, Ufaransa, kinachofanya kazi za namna hii kina megawati 58, yaani karibu mara 2,000 ya hicho cha Ghana. Kwa hiyo tusiambiwe kinu kidogo kitatuletea sayansi ya protini.

Na hao Brookhaven yaliwakuta pia. Mwanzoni mwa 1997 iligundulika bwawa la kuhifadhia fueli iliyotumika lilikuwa likivujisha tritiamu, hidrojeni yenye mionzi, kwenye maji ya ardhini, tena kwa miaka mingi bila mtu kujua. Wakazi wa Long Island wakawaka, kinu hakikuwashwa tena, na 1999 serikali ikaamua kifungwe moja kwa moja. Majaribio ya ribosomu hayakuwa na kosa lolote, lililoharibika ni bwawa na uaminifu wa watu. Kwa hiyo watu wa Uyombo kule Kilifi walioandamana 2024 kupinga kinu cha umeme msiwaite washamba.

Mdau wa Lubumbashi

Bandugu, kinu cha kwanza cha Afrika kilikuwa kwetu Kongo, mnakisahau. TRICO ya kwanza iliwaka Kinshasa 1959, ya pili 1972, ya megawati moja, pale chuo kikuu. Tangu 2004 imelala, pesa ya kuitunza haikuwepo. Na vijiti viwili vya fueli viliibiwa zamani hizo za Mobutu, kimoja kikaja kukamatwa Italia 1998 mikononi mwa wahalifu. Kujenga sio shida, shida ni mwaka wa 30, wakati fundi aliyesomeshwa amezeeka na mshahara wa kijana wa kumrithi haupo. Muulizeni anayejenga nani atalipa huo mwaka wa 30.

Mdau mwingine

Na chanzo cha gama nacho msikipambe jamani. Goiânia, Brazili, 1987, mashine ya hospitali iliyotelekezwa ikaokotwa na watu wa vyuma chakavu, wakaipasua, unga wa seziamu, ambao ndio chanzo chenyewe cha gama, ukawa unang'aa bluu wakagawiana mpaka na watoto, watu 4 wakafa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi. Huku kwetu biashara ya chakavu ipo kila mtaa.

Mleta mada

Ndio maana mimi nasema twende kwenye mashine za eksirei. Kazi ya kuhasi wadudu sasa inafanyika kwa eksirei pia, na ukizima swichi hakuna mionzi, hakuna cha kuiba wala kobalti ya kuagiza kila miaka mitano. Udhaifu wake ni umeme, ukikatika katikati ya kazi kundi zima la wadudu linaweza kuharibika, kwa hiyo jenereta na fundi viwe kwenye bajeti toka siku ya kwanza. Na nyutroni bila kinu zipo pia, kuna kile kipimo cha unyevu wa udongo, unateremsha chanzo kidogo kwenye bomba lililochimbiwa shambani, nyutroni za kasi zikigonga hidrojeni ya maji zinapungua mwendo, unahesabu zile za polepole unajua mzizi una maji kiasi gani kwa kila kina.

Ila ndugu wa Nairobi sampuli zake za lishe bado zinaenda ng'ambo na hilo sijalijibu. Nani humu amewahi kutuma sampuli Ghana au Zaria badala ya Ulaya, ilichukua muda gani na karatasi za kibali zilikuwaje? Na hiyo mashine ya eksirei mngependa iwekwe Tanga penye mbung'o au Eldoret penye ngano, maana mbili kwa mpigo sidhani kama tutapewa.