Mjadala: Je, Mtwara inaweza kuwa kitovu cha safari za ndege?

Mtoa hoja, Shangani, Mtwara

Ndugu zangu wa Kusini, barazani husemwa kwamba, kwa kuwa uwanja wetu umekarabatiwa, sasa ni zamu ya Mtwara kuwa kitovu cha safari za ndege. Sina ugomvi na ndoto hiyo. Ugomvi wangu ni na sababu inayotolewa.

Kitovu, yaani uwanja ambako abiria wa miji mingi hushuka na kubadilisha ndege, ni hesabu ya watu. Mji mmoja ukiunganishwa na miji 10 kwa njia 10 tu za ndege, abiria wa miji hiyo 11 hupata jozi 55 za safari, lakini hesabu hiyo hulipa pale tu mji wa kati unapokuwa na wenyeji wa kujaza sehemu kubwa ya viti, au unapokaa njiani baina ya watu wengi. Kampuni ya mizigo ya FedEx ilihamia Memphis mwaka 1973 kwa sababu hiyo ya pili, maana Memphis haiko mbali na katikati ya makazi ya Wamarekani, na vifurushi havijali kama mji ni mdogo. St. Louis nayo, mji mwingine wa Marekani, ilikuwa kitovu cha shirika la ndege la TWA. Shirika la American Airlines likaichukua kampuni hiyo mwaka 2001, na mwaka 2003 likapunguza safari za hapo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa tayari lilikuwa na vitovu vyake Chicago na Dallas. Njia mpya ya kurukia, iliyogharimu zaidi ya dola bilioni moja, ilifunguliwa St. Louis mwaka 2006, abiria wa kuunganisha ndege wakiwa wamekwisha kuondoka.

Sasa tujitazame. Kwa sensa ya 2022, Dar es Salaam ina watu milioni 5.4 waliobanana kwenye eneo dogo, ilhali Mtwara na Lindi kwa pamoja hatufiki milioni 3, tena tumetawanyika. Isitoshe tuko pembeni mwa ramani: hakuna mtu wa Mwanza atakayepitia kwetu kwenda Dodoma.

Mchangiaji, Lindi mjini

Kaka, hesabu yako ni safi, ila umeikatia kwenye Mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, kana kwamba ng'ambo hakuna watu. Moroni, mji mkuu wa Komoro, iko karibu kilomita 370 kutoka Mtwara, na karibu 700 kutoka Dar es Salaam. Pemba ya Msumbiji haizidi sana 300. Jirani yangu ana ndugu Moroni. Safari yake ya mwisho alipanda gari Lindi alfajiri, boksi la korosho zilizobanguliwa mapajani, akafika Mtwara, akaruka kwenda kaskazini hadi Dar es Salaam, akalala huko, kisha kesho yake akarudishwa kusini. Ukichora duara kwa kufuata watu badala ya mpaka, bado tuko pembeni?

Mtoa hoja

Hapo umenibana, dada yangu, na ninakubali kwamba pembe ya nchi inaweza kuwa katikati ya kanda. Hata hivyo Komoro yote haifikishi watu milioni moja, na Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lilipo Pemba, yenye watu zaidi ya milioni 2, imevurugwa na vita tangu Oktoba 2017. Halafu kuna hatari ya kujenga kabla ya kuwa na uhakika wa wateja; wazee wetu wanaikumbuka reli ya Nachingwea: Waingereza waliijenga kwa ajili ya karanga zilizotarajiwa, karanga zikakataa, na miaka ya 1960 mataruma yakang'olewa.

Kwa hiyo tuombe njia moja ya ndege kabla ya kuomba kitovu. Ndege aina ya Bombadia yenye viti 76, ikienda Moroni mara mbili kwa wiki, inataka abiria 152 kwa wiki kila upande ili ijae. Wenye ofisi za tiketi mlioko Mtwara na Lindi, tusaidieni: kwa wiki mnawauzia watu wangapi tiketi ya Moroni kupitia Dar es Salaam, na kati yao ni wangapi wanaotoka Masasi, Newala na Tandahimba?