Eti "mume wa modo"! Yule DJ mnamjua

Wakuu, nina hasira mpaka natetemeka, herufi zikikosewa mnivumilie.

Jana, usiku wa zilipendwa, pale pale. DJ ni yule yule, simtaji, kofia yake mnaijua. Nimemfuata kistaarabu, soda nimemnunulia, nikamwomba wimbo wa The Cars, ile bendi ya rock ya Marekani. Hawajui. Basi nikamwambia, bendi ya Ric Ocasek. Akashusha muziki, ukumbi kimya hadi unasikia mishkaki inavyochuruzika mafuta, akashika maiki: "Mzee wa meza ya nne anamtaka yule mume wa modo!"

Mume wa modo!

Mtu kaanzisha bendi Boston 1976, nyimbo karibu zote katunga yeye, gitaa mkononi, mrefu mwembamba kama mlingoti na miwani yake myeusi. 1984 wakabeba video ya mwaka kwenye tuzo za kwanza kabisa za MTV. 1994 akawasimamia bendi ya Weezer kurekodi albamu yao ya kwanza, ile ya bluu. Kafa 2019, bendi ndiyo kwanza imeingizwa Rock and Roll Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa magwiji wa rock, mwaka uliotangulia. Yote hayo yaishie kwa mkewe mwanamitindo, Paulina? Kwa maiki? Huku soda yangu anakunywa!

Na huo uzee, nina miaka 36. Meza zote ziligeuka kunitazama. Hata mhudumu.

*Mvuja_Jasho:* Pole, mzee wa meza ya nne.

*Kisiki:* Ila mkuu, kumuoa Paulina Porizkova nayo ni kazi. Mimi ningeandika kwenye CV.

*Mama Chapati:* Drive si ndiyo yake? Ile waliyoipiga kwenye tamasha la msaada la Live Aid 1985 juu ya picha za njaa ya Ethiopia. Nililia.

*Mleta mada:* Kaitunga yeye, aliyeimba ni Benjamin Orr. Tusihamishe magoli: MUME WA MODO, kwa maiki!

*Kisiki:* Kumbe hata kuimba hakuimba.

*Bwana Shamba:* Huyo DJ alimkata Mbaraka Mwinshehe katikati ya solo, eti kuna gari limeziba njia.

*Mama Chapati:* Afadhali huyo DJ. Jikoni kwao chipsi za elfu tatu nimehesabu, vipande kumi na moja.

*Mvuja_Jasho:* Una bahati. Mimi tisa, na kachumbari ya juzi.

*Mleta mada:* Wakuu, mada ni Ocasek jamani.

*Kisiki:* Rudi meza ya nne, mzee. Tunaongelea chipsi.