Naomba ushauri: nikubali kumaliza lalamiko dhidi ya askari kwa mazungumzo?

Ndugu wanachama, wiki tatu zilizopita askari mmoja alinisimamisha usiku, akanipekua mbele ya binti yangu huku akinitolea maneno ya matusi, na nilipomuuliza sababu akanijibu, "Wewe nani hata nikueleze?" Niliandika lalamiko, na sasa mkuu wake amenipigia simu akipendekeza tuyamalize kwa mazungumzo: askari aniombe radhi, nami nitie saini kwamba nimeridhika.

Sitaki askari huyo afukuzwe kazi. Ninachotaka ni maelezo na kuombwa radhi kwa dhati, na nakiri kwamba uchunguzi rasmi unaweza kuchukua miezi mingi na kuishia kwenye neno lake dhidi ya langu. Hata hivyo, hiyo karatasi ya kuridhika inanitia wasiwasi. Nimesoma kwamba huko Uingereza na Wales, tangu Februari 2020, malalamiko mepesi huweza kushughulikiwa nje ya utaratibu rasmi, lakini mlalamikaji asiporidhika anaweza kudai lalamiko lake lisajiliwe rasmi. Je, mimi nikisaini nitakuwa nimejifungia mlango huo?

Aidha, je, ni busara kudai radhi hiyo iwe ya maandishi, na niende na shahidi? Binti yangu, ambaye ndiye aliyesikia kila neno, ana miaka 11, nami nasita kumhusisha. Mliowahi kupitia hali hii, na hasa wanasheria, naomba mnieleze ni maneno gani nisikubali yawemo katika karatasi hiyo, kwani natakiwa kutoa jibu Ijumaa.