Tumeitwa barazani kuhusu SGR ya Naivasha hadi Kisumu: tuseme nini?

Katibu_Mpunga, Ahero

Wadau, naomba akili zenu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga hapa uwanda wa Kano. Chifu ametangaza baraza kuhusu reli ya kisasa itakayotoka Naivasha, ipite Narok na Bomet hadi Kisumu, kisha iendelee Malaba. Wenzangu wamenichagua niwasemee, lakini tulipokaa kupanga tutakachosema tukashindwa kuelewana.

Vijana wanaitaka reli hata ianze leo, maana wanaona kazi za ujenzi. Wazee wanasema deni la kipande cha Mombasa bado linatukaba, na reli ya mkoloni ipo pale Kibos na Miwani, kwa nini isitengenezwe hiyo? Akina mama wanauliza jambo moja tu: shamba likichukuliwa, pesa zinakuja lini?

Mimi moyo wangu uko upande wa reli. Nimechoka kusikia habari za ajali za malori kule Mau kila sikukuu. Lakini mradi wenyewe ni wa mamia ya mabilioni ya shilingi, na huku zahanati yetu haina dawa na mifereji ya mpunga imejaa matope. Je, reli hii inastahili gharama hiyo? Na nikipewa dakika tano mbele ya wakubwa, nizitumie kusema nini?

Trela_Njoro, Nakuru

Dada, mimi naendesha trela la kontena, Mombasa hadi Malaba. Usidhani nitaipinga reli kwa kuogopa kukosa kazi. Barabara ile inatumaliza, na siku treni itakapobeba mizigo mizito nitashukuru, nibaki na safari fupi za kutoka stesheni hadi ghalani.

Nikueleze kinachotendeka sasa. SGR kutoka Nairobi inaishia Suswa, karibu na Naivasha. Upana wa njia yake ni milimita 1,435, na wa reli ya zamani ni 1,000, kwa hiyo behewa la huku haliwezi kupita kule. Kontena la Kampala likifika bandari ya nchi kavu ya Naivasha linanyanyuliwa kwa kreni na kuwekwa kwenye behewa la reli ya zamani, ambayo iliunganishwa hapo kwa kipande kipya kutoka Longonot, au linapakiwa kwenye lori. Kila kunyanyua ni siku na ni pesa. Ndiyo maana mteja mwingi anaona heri mzigo wake upandishwe lori Mombasa moja kwa moja. Reli iliyokatikia Suswa haimfai mtu wa Kampala wala wa Kisumu. Ama imalizwe, ama tukubali kwamba pesa za kile kipande zimelala pale porini.

Kuna jambo linaniuma kama mtu wa Nakuru. Njia mpya inapita Narok, inatuacha kando. Njoro, Elburgon, Molo, Londiani, yote hiyo ni miji iliyokua kandokando ya reli. Hakuna aliyetueleza itakuwaje.

Hesabu_Kwanza, Kisumu

Nitasema kinyume cha mwenzangu hapo juu, kwa heshima. Kusema tumeshatumia nyingi kwa hiyo tutumie nyingine si hoja. Tuangalie tarakimu.

Mombasa hadi Nairobi iligharimu takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Exim Bank ya China. Nairobi hadi Suswa, kilomita 120 tu, ikala kama bilioni 150. Tuliambiwa reli ina uwezo wa kubeba tani milioni 22 kwa mwaka. Mwaka 2023 ilibeba kama milioni 6 na nusu, ilhali bandari ya Mombasa ilipitisha karibu milioni 36. Mzigo upo, Katibu, ila unapita barabarani. Serikali ikajaribu kuwalazimisha waagizaji watumie treni, Mahakama Kuu ikaitupa amri hiyo mwaka 2020, na mwaka 2022 serikali mpya ikawarudishia wenye mizigo uhuru wa kuchagua. Swali ambalo sijasikia likijibiwa ni hili: ni mzigo gani, wa nani, utakaopanda treni hadi Kisumu kwa hiari yake? Na treni ikishapeleka mzigo bara, itarudi Mombasa na nini? Nchi yetu inaagiza kuliko inavyouza nje, kwa hiyo mabehewa mengi hurudi matupu.

Halafu watu wanadhani reli hulipwa na abiria. Hapana. Upo Ushuru wa Maendeleo ya Reli unaotozwa kwa bidhaa zinazoingia nchini, na tangu mwisho wa 2024 ni asilimia 2 ya thamani ya bidhaa. Ukinunua spea ya pikipiki au simu, umelipia reli hata kama hujawahi kuiona. Sasa mpango ni kukopa kwa kutumia mapato ya ushuru huo ya miaka ijayo. Ni kweli kwamba mwaka 2025 mikopo ya awali iligeuzwa kutoka dola kwenda yuan ili riba ipungue, na hilo nalipongeza. Lakini deni ni deni.

Msimamo wangu: hapana, mpaka tuonyeshwe mzigo.

Otis_wa_Kondele

Kwani tunabishana nini? Morocco wana treni ya kilomita 320 kwa saa tangu 2018. Watanzania wanatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa treni ya umeme. Sisi tukae na matatu mpaka lini? Jengeni!

Fundi_Reli, Muhoroni

Kijana wangu Otis, hamu yako naielewa, lakini tusiwapotoshe watu. Reli inayoletwa huku si ya mwendo kasi. Abiria wa Mombasa wanakimbia kama kilomita 120 kwa saa na mizigo kama 80, kwa injini za dizeli. Ya Tanzania ni ya umeme na inafika 160. Hiyo ya Morocco ni ya aina nyingine kabisa, inaunganisha Tangier na Casablanca ambako abiria ni wengi kila saa. Kwetu reli inasimama au inaanguka kwa mizigo. Abiria ni nyongeza.

Sasa binti yangu Katibu. Nilifanya kazi ya reli miaka mingi, na hii ya zamani naijua kwa miguu. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati huo mji ukiitwa Port Florence. Waliojenga walifuata ardhi ilivyotaka. Kutoka Nakuru inapanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, kisha inateremka kupitia Londiani, Fort Ternan, Koru na Muhoroni hadi ziwani, kwenye mita 1,130 hivi. Ni mteremko mkubwa kwa safari fupi, wenye kona kali na madaraja marefu ya chuma. Injini inayovuta mabehewa mengi tambarare, hapo inavuta machache na kwa mwendo wa pole. Zile kilomita 217 kutoka Nakuru zilikarabatiwa, na treni ya abiria ikarudi Kisumu Desemba 2021 baada ya miaka kadhaa ya kimya. Nilifurahi sana siku hiyo. Ila bado ni safari ya usiku kucha kutoka Nairobi.

Kwa hiyo wazee wako wana haki nusu. Reli ya zamani ikitunzwa inaweza kubeba saruji, mbolea, mafuta, sukari ya viwanda vya ukanda huu, na mizigo ya kuvushwa kwa meli kutoka bandari ya Kisumu hadi Port Bell, Uganda. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya reli mpya. Haiwezi lakini kubeba mzigo wote wa Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, hata ukiipaka dhahabu. Uganda nao walitia saini Oktoba 2024 na kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi, kujenga SGR ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Ile ikikamilika bila yetu kufika Malaba, itakuwa imeunganishwa na nini? Na Tanzania wanasukuma reli yao kuelekea Mwanza, ziwa lilelile letu. Mzigo hauna uzalendo, huenda kulipo rahisi.

Lakini hayo yote ni ya wakubwa. Wewe unasimama Kano, na Kano ina jambo lake ambalo hakuna aliyeligusa hapa: maji. Reli mpya hujengwa juu ya tuta la udongo. Uwanda wenu ni bapa, udongo mweusi wa mfinyanzi, na mto Nyando ukifurika maji husambaa polepole kuelekea ziwani. Weka tuta refu katikati yake lenye kalavati, yaani njia za maji chini ya tuta, chache na nyembamba, umejenga bwawa. Upande mmoja watu watalala shuleni wiki nzima wakingoja maji yashuke, upande wa pili mpunga utakauka. Tuta likiwa na madaraja ya kutosha, maji yanapita kama zamani. Tofauti ya hayo mawili iko kwenye michoro, na michoro hubadilishwa kabla ya tinga kufika, si baada.

Nyar_Sondu

Nakubaliana na mzee kwa moyo wote. Mimi niongezee la fidia, kwa sababu shamba letu lilimegwa kwa ajili ya barabara na najua tulivyoteseka.

Katiba kifungu cha 40 inasema ardhi ikichukuliwa kwa manufaa ya umma, fidia iwe ya haki na ilipwe haraka. Inaruhusu pia walioikalia ardhi kwa nia njema bila hati wafikiriwe. Hilo liseme kwa sauti, maana kwenye mpunga wapo wengi wanaolima bila hati mkononi. Tume ya Kitaifa ya Ardhi lazima itangaze kwenye gazeti la serikali, kisha iitishe kikao cha kusikiliza madai. Msipohudhuria kikao hicho mmejinyima wenyewe. Hamjaridhika na bei, lipo baraza maalumu la rufaa lililoundwa kwa sheria ya 2019.

Ila kilichotukwamisha sisi hakikuwa bei. Hati ilikuwa bado na jina la marehemu babu. Pesa zikatoka kwa majirani, sisi tukaambiwa tulete karatasi za mirathi, na ndugu wakaanza kugombana mbele ya maafisa. Waambieni watu wenu waanze mirathi sasa hivi, reli ije isije.

Katibu_Mpunga, Ahero

Asanteni sana. Mzee Fundi, la tuta halikuwa kichwani mwangu hata kidogo, na mimi ndiye ninayeandika majina ya waliohama kila mafuriko. Nyar Sondu, kesho naitisha orodha ya mashamba yenye majina ya marehemu, nahisi yatapita nusu.

Hesabu, bado sijakubali hapana yako, lakini swali la mzigo nitaliuliza kama ulivyoliandika. Wazee watapenda. Mzee, nikiomba michoro ya tuta nitaiombaje? Nisije nikajibiwa kwamba ni mambo ya wahandisi.

Fundi_Reli, Muhoroni

Usiombe michoro kwa jumla. Omba ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, ile inayopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ambayo umma una haki ya kuisoma na kuitolea maoni. Ukiipata nenda sehemu ya maji. Uliza mafuriko ya mwaka gani ndiyo yaliyotumika kupima upana wa kalavati, na kama ya 2024 yamo. Uliza kati ya Ahero na Kisumu kuna vipenyo vingapi, na kila kimoja kiko wapi. Nenda na wazee wawili wanaojua maji yalipopita miaka iliyopita, waonyeshe mahali penyewe kwenye ramani, na uombe yaandikwe kwenye kumbukumbu za baraza kabla hamjafunga.

Hesabu_Kwanza, Kisumu

Na uondoke na nakala ya hizo kumbukumbu, yenye sahihi na muhuri wa chifu.