Naomba ushauri: orodha ya mali za marehemu, Kentucky 1796

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya ukoo Marekani. Mume wangu ni wa huko, tumepata kopi ya orodha ya mirathi ya babu yao wa mbali aliyefia Kentucky, kuna ng'ombe, farasi, plau, gurudumu la kusokotea uzi, chungu cha chuma kilichopasuka (hata hicho kimepigiwa bei jamani) na godoro la manyoya limezidi bei ya ng'ombe! Ila shamba halimo kabisa. Nimepekua rejista za kodi za kaunti, mwandiko hausomeki. Je, hakuwa na ardhi au walikuwa wanaandika vitu vya kuhamishika tu? Na bei ziko kwa pauni wakati dola ilishaanzishwa 1792, hizo ni pauni za Uingereza au za Virginia (jimbo ambalo Kentucky ilikuwa sehemu yake kabla)?